Tazameni Umbo la Kifaranga Kabla ya Kumtia Bwawani

Mvua za Novemba zinapoanza kujaza majaruba ya Kasansa, na kambare wanapopanda usiku kutaga katika mbuga zilizofunikwa na maji, wafugaji wengi wa samaki wa Bonde la Rukwa hutwaa ndoo na nyavu wakaenda kuzoa vifaranga vya bure. Nami nawasihi, kabla havijatiwa bwawani, wavimimine kwanza katika beseni jeupe wavitazame kimoja kimoja.

Perege ndiye anayewadanganya watu zaidi. Yule aliyezolewa katika vidimbwi vya kiangazi, kwa kuwa ameishi muda mrefu katika njaa na msongamano, aghalabu si kifaranga hata kidogo, bali ni samaki mpevu aliyedumaa kwa kimo cha kidole: kichwa kikubwa, macho yaliyouzidi mwili, mgongo mwembamba, na jike lake, ukilifunua kinywa, huenda ukakuta limeatamia mayai. Chakula utakachompa huyo hukigeuza mayai badala ya nyama, na bwawa hujaa wana kabla hujavuna wazazi. Kifaranga wa kituo cha kuzalishia vifaranga, ijapokuwa kimo ni kile kile, kichwa chake huwiana na kiwiliwili, na wenziwe hulingana naye kwa sababu walianguliwa pamoja.

Hata hivyo, kituo peke yake si dhamana. Kambare wa mbugani, aliyekula vijidudu hai tangu kiini cha yai kilipomwishia, kwa kawaida huwa na sharubu zote nane, ndefu na kamili, ingawa huweza kuja na ruba mwilini. Ilhali yule wa tangini, akilelewa kwa msongamano, huwa na sharubu zilizokatika, mapezi yaliyotafunwa na wenziwe, au uti wa mgongo uliopinda kwa upungufu wa vitamini C. Ukiona waliopinda ni wengi, rudi na fedha yako. Na wawe wa mbugani au wa kituoni, wachambue kwa ukubwa mara kwa mara, maana kambare mkubwa humla mdogo bila kujali udugu.

Wanaonunua sato, ambaye hutambulikana kwa mistari ya wima katika pezi la mkia, nawausia jambo moja zaidi: wafunge wavu madhubuti penye mlango wa kutolea maji, kwani sato si mwenyeji wa Ziwa Rukwa, na akitoroka huweza kuzaana na perege wa Rukwa, ambaye asili yake ni ziwa hili.