Kutenga Maji na Mvuke: Chombo Kiwe na Ukubwa Gani?

Huko Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, turbini ya kwanza iendeshwayo kwa joto la ardhi ilianza kazi mwaka 1981, ikiwa na uwezo wa megawati 15. Visima vya huko hutoa mvuke uliochanganyika na maji ya moto. Mchanganyiko huo haufai kupelekwa moja kwa moja kwenye turbini: matone yaendayo kasi hula mapanga yake, na madini yaliyomo majini, hasa silika, huganda juu yake. Kwa hiyo maji hutengwa kwanza.

Chombo kilicho rahisi kukieleza ni pipa la chuma lililosimama wima. Mchanganyiko huingia ubavuni. Mvuke hupanda, maji hushuka. Kila tone huvutwa chini na uzito wake, na husukumwa juu na mvuke. Mvuke ukipanda polepole, tone huanguka. Ukipanda kwa kasi mno, hulichukua.

Kanuni ya kukadiria kasi isiyofaa kuzidiwa ilitolewa Marekani mwaka 1934 na Mott Souders na George Brown:

v = K√[(a – b)/b]

Hapa a ni densiti ya maji, b ni densiti ya mvuke, na K ni namba itokanayo na majaribio. Penye wavu wa nyaya wa kunasa matone, K huwa kama mita 0.1 kwa sekunde. Pasipo wavu, kama nusu yake.

Mfano: Mvuke kilo 5 na maji kilo 9 huingia kila sekunde, kwa kanieneo ya kilopaskali 600. Chombo kina wavu. Densiti ya maji ni 908, ya mvuke ni 3.17 (kilo kwa mita ya ujazo).

Kasi: 0.1 × √(904.83/3.17) = mita 1.69 kwa sekunde.
Ujazo wa mvuke: 5/3.17 = mita za ujazo 1.58 kwa sekunde.
Eneo: 1.58/1.69 = mita za mraba 0.93.
Kipenyo: √(4 × 0.93/3.14) = mita 1.09, yaani 1.1.

Maji nayo yahitaji nafasi. Yakikaa dakika 3, ujazo wake ni 9/908 × 180 = mita za ujazo 1.78, yaani kimo cha mita 1.9 hivi. Juu yake huongezwa nafasi ya mvuke.

Zoezi: Kanieneo ikishuka hadi kilopaskali 300, densiti huwa 932 na 1.65. Kwa kiasi kile kile cha mvuke, onyesha kwamba kipenyo hufikia karibu mita 1.3. Eleza kwa nini chombo huhitaji kuwa kipana zaidi, ingawa kasi inayoruhusiwa imeongezeka.