SOMO LA KUCHUNGUZA: MWANAFUNZI ALIYEHUKUMIWA JUU YA BANGI, JE, ANYIMWE FEZA ZA MASOMO?



Katika nambari hii ya buletini yetu tunachunguza swali moja ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana rahisi. Mwanafunzi ambaye tribinali ilimhukumu juu ya bangi ao dawa nyingine ya kulevya, je, anastahili kusaidiwa feza ili aendelee na masomo ya juu? Najua wengi watajibu mbio: hapana, hastahili, afaidi na bangi yake! Naomba tungojee kidogo. Iko inchi moja ambayo ilijibu "hapana" kwa njia ya sheria, ikakaa na jibu lile miaka 20 hivi, kisha ikalifuta yenyewe. Inchi hiyo ni Marekani. Tutatazama kwanza mambo yalivyokuwa kule, na nyuma tutarudi hapa kwetu, kwa maana sisi nasi tuko na Sanduku la Msaada, na kuna wenzetu wanaotaka kuliwekea sheria inayofanana na ile.

Tuanze na feza zenyewe. Kule universite ni bei kali, na wazazi wengi hawawezi kulipa peke yao. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya masomo ya juu, na tangu hapo Serikali inasaidia kwa njia tatu: bursi, ambayo mwanafunzi harudishi, mikopo, ambayo atarudisha akiisha kupata kazi, na feza anazolipwa kwa kazi ndogo ndogo kule kwenye masomo. Bursi kubwa inaitwa Pell, kwa jina la seneta Claiborne Pell. Ilianzishwa mwaka 1972. Katika mwaka wa masomo 2024-2025 mwanafunzi maskini kabisa aliweza kupata mpaka dola 7,395. Ili kuipata sharti ajaze fishi moja ya Serikali inayoitwa FAFSA, ambapo anaandika mapato ya wazazi, hesabu ya watu wa nyumbani, na mengine. Ushike akilini fishi hiyo, kwa maana taabu yote ilipitia ndani yake.

Katika miaka ya 1980 na 1990 Wamarekani waliogopa sana dawa za kulevya, zaidi ile kokeni ya kuvuta ambayo iliharibu kartye nyingi za miji yao. Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1988 Bunge liliwapa waamuzi ruhusa ya kumnyima mtu aliyehukumiwa juu ya dawa misaada fulani ya Serikali. Lakini pale mwamuzi alikuwa mbele ya mtu, anamuona macho, anasikia habari zake, kisha anakata maneno. Mwaka 1998 jambo likageuka. Depite mmoja wa jimbo la Indiana, jina lake Mark Souder, aliyejulikana kuwa Mkristo wa kiinjili, aliingiza kifungu kipya katika ile sheria ya 1965. Rais Clinton alitia sahihi sheria nzima katika Oktoba 1998, na kifungu kikaanza kazi Julai 2000. Tangu siku ile hapakuhitajiwa tena mwamuzi wa kufikiri. Fishi yenyewe ilihukumu.

Hukumu zilipangwa hivi. Ukihukumiwa mara ya kwanza juu ya kubeba dawa, unakosa msaada mwaka mmoja. Mara ya pili, miaka miwili. Mara ya tatu, bila mwisho. Kwa yule aliyeuzisha ni kali zaidi: mara ya kwanza miaka miwili, mara ya pili bila mwisho. Hukumu alizopata mtu akiwa mtoto, mbele ya tribinali ya watoto, hazikuhesabiwa. Na mlango mmoja uliachwa wazi: mtu akimaliza mafundisho ya kuacha dawa na kupimwa mara mbili bila kuambiwa mbele, na kuonekana safi, anaweza kurudishiwa haki yake.

Sasa tuwatendee haki wale waliotunga sheria hii, maana si vizuri kumcheka mtu mbele ya kumsikia. Walisema: feza hizi ni jasho la walipa kodi. Mzazi anayefanya kazi usiku katika kiwanda, juu ya nini kodi yake imlipie kijana anayevuta? Tena walisema: kijana akijua kwamba atapoteza bursi, ataogopa. Na yule ambaye amekwisha kuanguka atapata sababu ya kutafuta dawa ya ugonjwa wake. Maneno haya yana uzito. Mimi mwenyewe, kama ingekuwa paka neno la kwanza, lile la jasho la watu, ningesimama upande wao. Mtu anayepewa msaada anaweza kuombwa mwenendo mzuri. Hakuna ubaya hapo.

Lakini tazameni namna ilivyofanya kazi.

Chukueni vijana wawili wa darasa moja, wameshikwa na polisi usiku mmoja, gari moja, bangi ileile. Wamepelekwa mbele ya mwamuzi mmoja, wamelipa faini sawasawa. Baba wa wa kwanza ni daktari, analipa universite yote kwa feza zake. Kijana huyu hajajaza fishi hata siku moja, basi hakuna mtu anayemuuliza kitu. Siku ya pili yuko darasani. Mwenzake mama yake anafagia ofisi. Anasoma kwa bursi ya Pell. Huyu anaulizwa, anajibu kweli, anakosa feza, anarudi nyumbani. Kosa ni moja, tribinali ni moja, lakini hukumu ni mbili, na ile ya pili imemfikia paka yule asiye na feza. Ukiwauliza waliotunga sheria kama walitaka kuwapiga maskini, watakataa, na mimi nitawaamini. Hata hivyo sheria haikuwa na mkono wa kumfikia mwingine. Mtoto wa tajiri hakuwa na kitu cha kunyimwa.

Ongezeni hapo jambo la rangi. Shirika moja linalotetea haki za raia kule, ACLU, lilihesabu kwamba mwaka 2010 Mmarekani mweusi alikuwa karibu mara 4 zaidi ya mweupe katika hatari ya kushikwa juu ya kubeba bangi, hata ingawa wote wawili wanavuta karibu sawasawa. Basi wale waliokuwa na hukumu ya kuandika kwenye fishi hawakuwa wavutaji wote. Walikuwa wale ambao polisi wanapita kwao.

Jambo lingine lilinishangaza nilipolisoma, na nilirudia kusoma mara mbili. Fishi iliuliza juu ya dawa za kulevya tu. Mtu aliyemuibia jirani, aliyempiga mtu kwa kisu, hata aliyeua, akiisha kutoka buloko aliweza kuomba bursi, hakuna aliyemuuliza. Aliyeshikwa na sigara moja ya bangi ndiye aliyefungiwa mlango. Huko ni kupima namna gani?

Na ule mlango wa mafundisho ya kuacha dawa? Ni fikira nzuri, lakini mafundisho yenyewe mara nyingi yalikuwa ya kulipa. Unamwambia mtu aliyekosa feza za masomo: nenda utafute feza kwanza, ujisafishe, kisha urudi uombe feza. Wengine pia hawakuwa wagonjwa wa dawa. Walivuta mara moja na marafiki, wakashikwa mara hiyo hiyo.

Hesabu nayo si ndogo. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa ripoti mwaka 2005, wakaonyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2003-2004 watu 41,000 hivi walioomba walikosa haki ya msaada kwa sababu ya ile sheria. Walitafuta pia uchunguzi wowote unaoonyesha kwamba sheria za kunyima misaada zinawaogopesha watu wasiguse dawa. Hawakuupata. Neno la pili la watetezi, lile la hofu, likabaki neno tu.

Masomo mengine makubwa hayakungojea. Universite ya Yale ilitangaza mwaka 2002 kwamba itamlipia kwa feza zake mwanafunzi wake aliyepoteza msaada juu ya kubeba dawa, kama anakubali kufuata mafundisho ya kuacha. Ni tendo zuri, lakini ona: Yale ni masomo ya utajiri mkubwa. Masomo madogo ya mji, fasi maskini wengi wanasomea, yangetoa wapi?

Depite Souder mwenyewe alilalamika kwamba hawakuelewa nia yake. Alisema alitaka kuwagusa wale wanaoshikwa wakiwa wanakula bursi, si wale walioanguka zamani. Mwaka 2006 Bunge lilirekebisha hivyo: tangu hapo ilihesabiwa paka hukumu iliyopatikana wakati mtu anapokea msaada. Kwa macho yangu hapo sheria ilikuwa nzuri zaidi, maana mtu aliyemaliza adhabu yake aliachwa kusoma. Lakini ule ubaya wa vijana wawili wa gari moja ulibaki palepale. Mwisho, katika Desemba 2020, Bunge lilipitisha sheria ya kurahisisha ile fishi, Rais Trump akatia sahihi, na kifungu kikafutwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 hukumu ya dawa hainyimi tena mtu bursi, na kwa mwaka 2023-2024 swali lenyewe likaondolewa kwenye fishi. Tangu Julai 2023 hata wafungwa wanaweza kupata bursi ya Pell kwa programu zilizokubaliwa, jambo ambalo sheria ya 1994 ilikuwa imekataza.

Sasa turudi kwetu.

Sanduku letu linalipa minervali ya wanafunzi ambao wazazi wao hawawezi. Feza zake ni sadaka zetu, mavuno ya shamba, na kile wazazi wenye moyo wanaongeza. Katika komite limetolewa neno hili: mwanafunzi akishikwa na bangi ao lotoko, asipate tena kitu ndani ya Sanduku mpaka amalize masomo. Mimi ni kapita, na kazi ya kuandika majina ya walioshikwa ni yangu. Nimeandika, na nitaandika tena. Bangi katika dortware si mchezo. Inaharibu usingizi wa wengine na akili ya mwenyewe. Asiniambie mtu kwamba ninawatetea wavutaji.

Lakini adhabu tayari iko. Direkta wa nidhamu anaitoa, tena inawafikia wote sawasawa: aliyelipiwa na baba, na aliyelipiwa na Sanduku. Tukiongeza ile ya pili, itamfikia nani? Nimepitia daftari langu, na majina mengi ndani yake ni ya wenzetu wanaolipiwa nyumbani. Hao watafanya wiki zao, watarudi. Mmoja ao wawili wa Sanduku hawatarudi. Na kama ni mfinalisti, hatafanya mtihani wa Serikali. Maisha yake yote atakuwa mtu asiye na diplome juu ya usiku mmoja.

Kuna mwenzetu alinijibu: Sanduku ni dogo, kila muhula kuna wanaokosa, basi tumlipie aliyevuta tumwache asiyevuta? Neno hili ni gumu kuliko yote, na sitaki kuliruka. Mimi nasema, feza zikiwa za mtu mmoja tu, aanze yule mwenye mwenendo mzuri. Lakini kumweka mtu nyuma ku mustari si sawa na kumtoa ku mustari. Muhula ujao feza zikipatikana, aitwe. Na tunaweza kumwomba masharti ambayo hayamgharimu feza: azungumze na mchungaji wa masomo, asishikwe tena, alime katika shamba la Sanduku.

Mnakumbuka barua ya Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa na deni, na Paulo hakusema deni hakuna. Alisema liandikwe kwake yeye mwenyewe.

Siku ya tano, nyuma ya ibada, komite itakata neno hili. Mbele ya hapo kila darasa lizungumze na kuandika majibu kwa karatasi moja: Je, adhabu ya Sanduku iongezwe juu ya ile ya direkta, ao hapana? Kama iongezwe, tufanye nini ili ifikie na wale wasiolipiwa na Sanduku? Na kwa wanaosema hapana: masharti gani mngemwekea aliyeshikwa mara ya pili? Makapita wa madarasa walete karatasi kwa sekretere wa komite siku ya nne saa ya mapumziko. Karatasi isiyo na sababu, paka "ndiyo" ao "hapana", haitasomwa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho