Kufuta faili nyingi kwa amri moja

Mukifuta faili kwa kipanya, kwa kawaida inaingia kwanza katika kikapo cha takataka, na munaweza kuirudisha. Lakini kwa amri ya rm, katika Linux, kikapo hakuna. Ile iliyofutwa imeenda.

Katika mwaka 1998, huko Marekani, amri ya namna hii ilifuta sehemu kubwa ya filmu Toy Story 2 ya kampuni Pixar. Nakala zao za akiba nazo hazikuwa nzima. Waliokolewa na nakala moja iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman. Alikuwa amezaa mtoto, akatumikia kule.

Basi mushike mambo haya:

1. Mbele ya kufuta, mujue muko wapi: pwd.
2. Muangalie kwanza: ls *.tmp. Nyota ni kusema "jina lolote". Kama orodha ni ile munayotaka, ndipo muandike rm *.tmp.
3. Muchunge nafasi. Mukiandika rm * .tmp, nyota inabaki peke yake, inashika faili zote zinazoonekana pale.
4. rm -i inauliza kwa kila faili. rm -I, herufi kubwa, inauliza mara moja tu, kama faili zinapita tatu.
5. Nakala iwe mahali pengine, na mujaribu kuifungua.

Zoezi: Dosie iko na a.tmp, b.tmp na masomo.txt. Mtu anaandika rm * .tmp. Inabaki nini? Mupime katika dosie ya majaribio, si katika kazi ya mwenzenu.