Inchi Ngapi kwa Batri Moja? Maswali ya Wasomaji kuhusu Kununua Televisheni

Kusini mwa jimbo la Maniema televisheni hainunuliwi peke yake. Inakuja na paneli, batri, nyaya na dekoda, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyokula fedha. Fundi wetu wa vyombo vya umeme anawajibu wasomaji wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare.

Fundi, nina dola 300. Mfanyabiashara mmoja wa Kasongo ananionyesha televisheni ya inchi 55 ya 4K, anasema nikiongeza kidogo ni yangu. Nyumbani nina paneli moja ya wati 100 na batri moja. Niichukue?

Papa, iache. Hata angekupunguzia bei ningekuambia hivyohivyo.

Tupige hesabu ya usiku mmoja. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Lakini batri ya risasi, iwe ya maji au ya jeli, ukiikamua kupita nusu kila siku itakufa mapema. Kwa hiyo una wati-saa 600 za kutumia. Televisheni ya LED ya inchi 55 inakula wati 120 hivi. Ongeza dekoda ya wati 12, ongeza na kile kinachopotelea ndani ya konvertiseri inayogeuza umeme wa batri kuwa wa nyumba, unakaribia 155. Batri yako imekwisha kabla ya saa nne. Ya inchi 32 inakula kama wati 40. Pamoja na dekoda na hasara ya konvertiseri ni wati 65 hivi, na batri ileile inakupa saa tisa.

Halafu kesho yake batri lazima ijae. Paneli ya wati 100, katika siku ya jua zuri la Julai, inarudisha wati-saa 300 hadi 350. Hizo zinatosha saa tano za inchi 32: habari, mpira mmoja na filamu. Kwa inchi 55 hazifiki saa mbili na nusu. Mvua za Oktoba zikishika, hata hizo zinapungua. Wapo wanaoniletea televisheni wakisema imeharibika, kumbe yenyewe ni nzima na batri ndiyo iliyokufa.

Katika hizo dola 300, televisheni isizidi nusu. Zinazobaki zitafute paneli ya pili, regulateri ya kuaminika ya kulinda batri na nyaya nene. Hutaona fahari ya nyaya nene mgeni akiingia, najua.

Hiyo 4K ni nini hasa? Kila boksi limeandikwa lake.

Kioo cha televisheni ni nukta ndogondogo zinazowaka rangi. HD ya televisheni nyingi za inchi 32 ina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla kama milioni moja. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, milioni mbili. 4K ina 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni nane. Muuzaji anaishia hapo, na hesabu yake ni ya kweli.

Asichokuambia ni kwamba nukta hizo zinangoja picha ya kuzijaza. Chaneli nyingi za abonema ya bei ya chini bado zinarushwa kwa mistari 576, kipimo cha tangu enzi za televisheni zenye mgongo. Chaneli kubwa za mpira ni HD. Filamu mnazowekewa kwenye flash sokoni huwa za mistari 720 au pungufu, maana filamu moja ya 4K ingeweza kuijaza flash nzima. Ukiiweka picha ya mistari 576 kwenye kioo cha 4K, televisheni inajaza nafasi tupu kwa kukisia. Picha inakuwa kubwa, haiwi kali.

Mimi nashauri hivi. Kwa inchi 24 na 32, HD inatosha; Full HD ukiipata kwa tofauti ndogo, ichukue. Kwa inchi 40 na 43 dai Full HD, HD ikatae. Kuanzia inchi 50 karibu zote zinatoka kiwandani zikiwa 4K, kwa hiyo hapo huchagui, unapewa.

Chumba chetu ni kidogo, kiti kiko mita mbili na nusu kutoka ukutani. Tukinunua kubwa tutaona vizuri zaidi?

Mama, hili ndilo swali ambalo watu wangepaswa kuanza nalo, lakini wengi wanalileta wakiwa wamekwisha kulipa.

Jicho zima lina mpaka wake: linatenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii. Chini ya hapo vinaungana. Kwenye kioo cha HD cha inchi 32, ukikaa kupita mita 1.8 huzioni tena nukta. Cha Full HD cha inchi hizohizo, mita 1.3. Sasa chukua inchi 55 ya 4K. Ili uone nukta zote ulizolipia, ukae mita 1.1 kutoka kwenye kioo. Ukirudi nyuma kupita mita 2.2, jicho halitofautishi tena 4K na Full HD. Nani anakaa mita moja mbele ya kioo chenye upana wa sentimita 122?

Na kuna upande wa pili wa jambo hilo. Ile picha ya mistari 576 inahitaji umbali ili ipendeze: mita 2.4 kwa inchi 32, mita 4 kwa inchi 55. Kwenye kiti chako, inchi 32 itakupa uso safi wa msoma habari. Inchi 55 itakupa uso uliovimba wenye kingo zilizochakaa, na utasema dekoda ni mbovu.

Kwa hiyo mita mbili na nusu ni inchi 32. Ukiwa na umeme wa kutosha na unatazama zaidi chaneli za HD, panda hadi 43 ya Full HD. Eneo lake linaizidi 32 kwa asilimia 80, na inakula wati 60 hadi 80. Kati ya hizo mbili sioni haja ya kuhangaika na 40.

Watoto wanakaa nusu mita kutoka kwenye kioo. Wataharibika macho?

Macho yatachoka, hayataharibika. Ila mtoto anayesogea kila siku wakati wenzake wanaona kutoka nyuma, mpeleke akapimwe macho.

Naona zipo televisheni za volti 12 zinazofungwa moja kwa moja kwenye batri. Ni za kweli, au ni mchezo?

Ni za kweli, na kwa nyumba isiyo na umeme mwingine ndizo ninazozipenda kuliko zote, inchi 24 hasa, hata 32. Konvertiseri inapoteza kama sehemu moja ya kumi mpaka mbili za kumi za umeme unaopita ndani yake, na yenyewe inakunywa wati kadhaa hata televisheni ikiwa imezimwa. Ukiiondoa njiani umejipatia karibu saa nzima ya kutazama bila kununua chochote.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni kibandiko cha nyuma. Batri inapojazwa na paneli inapanda hadi volti 14 na zaidi kidogo, kwa hiyo televisheni iwe inaruhusu kiwango cha kupanda na kushuka, kwa mfano volti 10 hadi 15. Iliyoandikwa 12 peke yake, muulize muuzaji kwa makini. La pili ni waya. Wati 40 kwenye volti 12 ni ampea zaidi ya tatu. Kwenye volti 220 hazifiki hata robo ampea. Waya mwembamba wa mita kumi, ule wa kufungia taa, utazifanya volti zishuke njiani, na televisheni itajizima yenyewe kila picha inapong'aa. Fupisha njia, nenepesha waya, na usigeuze chanya na hasi. Kuigeuza mara moja kunatosha kuiua.

Kisha ingia kwenye menyu ushushe mwanga wa kioo hadi asilimia 60 au 70. Umeme mwingi wa televisheni ya LED unakwenda kwenye zile taa za nyuma, na taa hizo ndizo zinazoungua kwanza kwenye televisheni za bei ndogo. Zinatoka kiwandani zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho ili zing'ae dukani. Shusha, usiku chumba kina giza, hutaona tofauti.

Nimepewa okazioni kutoka Ulaya, inchi 42, bei nusu ya mpya. Kioo chake ni kizito.

Uzito ndio unaonitia shaka. Ikiwa ni plasma, na viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza kufikia 2014, inaweza kula wati 200 au 300. Hiyo si ya batri yako. Zile LCD za mwanzo zenye taa za mirija nazo ni walafi. Soma wati kwenye kibandiko cha nyuma: kwa inchi 42, kikisema zaidi ya 100, rudisha. Picha ya plasma ilikuwa nzuri sana, sikatai, lakini ilitengenezewa nyumba yenye umeme wa ukutani.

Nitajuaje kwamba sidanganywi dukani?

Nenda na futi ya fundi cherehani. Pima kioo peke yake, bila fremu, kutoka kona hadi kona ya mkabala. Inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, inchi 55 ni sentimita 140. Ukikuta 32 yenye sentimita 75, wamepima na plastiki yake.

Kisha usome boksi kwa akili. Maneno ya kwamba televisheni "inakubali" Full HD au 4K maana yake inapokea picha hiyo, halafu inaipunguza iingie kwenye nukta chache ilizo nazo. Unachotafuta ni namba za kioo chenyewe: 1,366 kwa 768, au 1,920 kwa 1,080. Zisipoandikwa popote, chukulia ni ndogo.

Beba flash yenye picha moja nyeupe kabisa na moja nyeusi kabisa. Nyeupe itakuonyesha madoa na mistari iliyokufa. Nyeusi itakuonyesha kona zinazovuja mwanga. Weka na filamu mbili tatu za aina unazotazama nyumbani, kwa sababu televisheni nyingine za bei ndogo hazisomi filamu zilizobanwa kwa mtindo mpya wa H.265: unasikia sauti, picha huoni. Muuzaji asipotaka kukupimia mambo haya mbele yako, mwingine yupo.

Niongeze fedha nipate ile ya intaneti?

Kwa mega zetu, hapana. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inaweza kufika giga 3, na ya 4K giga 7, ikihitaji kasi ya megabiti 15 kwa sekunde isiyokatika. Ikija ndani ya televisheni kwa bei ileile, sawa. Usiilipie.

Nataka kufungua ukumbi wa kuonyesha mpira hapa Nyangwe, watu 60. Nasikia inchi 65 ndiyo inavutia.

Hapa ndipo ninapobadilisha maneno, ndugu, kwa sababu kioo kikubwa sasa ni chombo cha kazi. Hata hivyo, badala ya 65 moja ningenunua 43 mbili za Full HD. Eneo lao kwa pamoja ni kama asilimia 88 ya hiyo 65, umeme haupishani sana, na moja ikifa katikati ya kipindi cha kwanza hurudishi fedha za watu. Taa za nyuma za inchi 43 fundi anaweza kukuagizia. Kioo cha 65 kikipasuka umepoteza televisheni.

Zitundike pembe mbili za ukumbi, juu kidogo, ziinamie mabenchi, kwa sababu vioo vya bei ndogo vinapoteza rangi ukivitazama ubavuni. Kigawanyi cha HDMI kinatosha kuzilisha zote kutoka dekoda moja. Waulize pia wa abonema kuhusu ya biashara, ya nyumbani haikuruhusu kutoza watu mlangoni. Na jenereta iwake kwanza, itulie, ndipo uwashe televisheni. Mafuta yakikaribia kuisha zima televisheni mapema. Kukohoa kwa jenereta inayokufa kumeua vyombo vingi.

Msimu wa 2024–25 Maniema Union ya Kindu iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikapangwa na Mamelodi Sundowns, Raja ya Casablanca na FAR ya Rabat. Siku kama hizo mteja wako hahesabu nukta. Anauliza kama mafuta yapo.

Mwisho, fundi: ninunue Kalemie au ningoje ifike huku?

Mzigo unateremka Dar es Salaam, unafika Kigoma, unavuka Tanganyika hadi Kalemie, kisha barabara. Njia hiyo iko karibu na ile ya misafara ya karne ya 19, Ujiji hadi Kabambare hadi soko letu la Nyangwe, lile ambalo Livingstone alilikuta mwaka 1871, na kila mkono unaopokea mzigo bado unaongeza chake. Kalemie utapata raha ya kuchagua, na nafuu kidogo ya bei. Lakini ukinunua huko, hatari ya njia ni yako.

Inchi 32 na boksi lake pikipiki inaibeba. Inchi 55 boksi linapita upana wa mita moja na robo, na kwenye njia yenye matope sijui dereva atapitaje kati ya miti. Iwe ipi, isafiri imesimama, isilazwe kamwe, kwa sababu kioo kikilala kila shimo la barabara kinalipokea katikati. Ifunge na godoro au blanketi pande zote mbili, juu yake nailoni. Ikifika imenyeshewa, ifungue boksi uiache kivulini hadi kesho yake kabla ya kuipa umeme.