Bwawa la Nyumba ya Mungu: Akiba ya Maji na Hatari ya Tope

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960, mahali mito Kikuletwa na Ruvu inapokutana na kuwa Mto Pangani. Mitambo yake miwili ina uwezo wa megawati 8 tu. Hata hivyo, maji yakishaizungusha huendelea na safari hadi Mkoa wa Tanga, ambako huendesha mitambo ya Hale yenye megawati 21, kisha ile ya New Pangani Falls yenye megawati 68. Maji yale yale hufanya kazi mara tatu.

Umeme wa maji hutegemea mambo mawili: kimo cha maporomoko na wingi wa maji. Wakati wa kiangazi, wingi huo hutokana na akiba iliyowekwa bwawani tangu masika. Udongo unaomomonyoka mashambani hutuama bwawani na kuchukua nafasi ya akiba hiyo. Hasara huwafikia mtumiaji wa umeme, mvuvi na mkulima wa umwagiliaji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Nyasi na miti ya ukanda huo hunasa udongo kabla haujafika majini. Kuondoa tope lililokwisha kujaa ni gharama kubwa. Kuacha ukanda huo bila kulimwa kunawezekana kwa kila kaya iliyo kando ya mto.