Wajane Waliosahaulika Mezani

Somo: Matendo 6:1–7, Yohana 18:19–23, Yakobo 2:1–9

Matendo sura ya 6 tumezoea kuisoma kama habari ya kuchaguliwa kwa mashemasi. Hebu rudi mstari wa kwanza. Kuna manung'uniko kanisani. Wajane wa wale waliosema Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Hakuna aliyewatukana wala kuwafukuza. Chakula kikigawanywa, hakiwafikii tu, na kesho yake ni vivyo hivyo.

Huu ndio ubaguzi wa chini chini. Ukiusemea unaambiwa, "Mbona unakasirika, ni utani tu." Tunaujua. Askari wa geti huko Diani anampigia mgeni saluti, halafu mama wa Ukunda anaulizwa, "Wewe unaenda wapi?" Kijana amezaliwa Msambweni, na bado anaitwa mtu wa bara. Dada Mduruma anatoa ushuhuda, viti vya nyuma wanacheka matamshi yake. Msione matamshi ni kitu kidogo: katika Waamuzi 12 Waefraimu 42,000 walianguka, na kipimo pale vivukoni kilikuwa kutamka neno moja.

Angalieni majirani zetu Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huku kwetu. Miaka mingi waliishi Kwale bila kitambulisho, na bila kitambulisho hupigi kura, hufungui akaunti ya benki, hata laini ya simu unasajili kwa jina la mtu mwingine. Oktoba 2016 mamia yao wakafunga safari ya miguu kwenda kumwona Rais Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tumshukuru Mungu. Lakini kadi mfukoni haizibi mdomo wa jirani anayeuliza sokoni, "Kwenu kabisa ni wapi?" Kwa swali kama hilo huwezi kutembea hadi Ikulu. Unahitaji jibu ulilolitayarisha kabla.

Mwangalie Yesu katika Yohana 18. Mtumishi amempiga kofi mbele ya kuhani mkuu. Hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Alimtaka yule mtu aonyeshe ubaya wa alichosema, na kama hakuna ubaya, aeleze kofi ni la nini. Wengine tumefundishwa kwamba kugeuza shavu la pili ni kufunga mdomo. Mimi sioni hivyo. Aliyefundisha habari ya shavu ndiye huyu huyu anayeuliza swali.

Basi jifunze swali moja na ulizoee kama unavyozoea mstari wa kukariri: "Ndugu yangu, umemaanisha nini?" Liseme polepole, bila kucheka na bila hasira. Kisha nyamaza, umwache ajieleze. Kejeli ikitakiwa kufafanuliwa mbele ya watu, mwenye kuitoa huanza kujisikia mwenyewe. Na akisema ni utani, kumbuka sisi watu wa pwani tunaujua utani: unakwenda na kurudi. Kama mmoja anacheka kila siku na mwenzake hawezi kumrudishia, huo si utani.

Wakati mwingine huwezi kuuliza. Ni bosi, na kodi ya nyumba inadaiwa. Ondoka salama, lakini andika tarehe, mahali, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Ukienda kwa meneja na kusema "wananidharau," utarudishwa. Ukienda na daftari, utasikilizwa zaidi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi, na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko. Kwenda huko si kukosa imani. Paulo alidai haki yake kama Mrumi (Matendo 22:25).

Lakini kwa nini aliyeumizwa ndiye abebe pia mzigo wa kujibu? Katika Matendo 6 hatusikii wajane wakisema. Watu wengine waliwasemea. Wewe uliyekaa karibu, neno lako ni fupi: "Mwache amalize ushuhuda." Basi. Na lina nguvu zaidi likitoka upande wa anayecheka. Mtu wa bara amkanye mwenzake wa bara, na mtu wa pwani vivyo hivyo.

Sasa Mitume. Hawakuwaambia wajane waombe zaidi na kuvumilia. Waliita mkutano, na watu saba wakachaguliwa. Soma majina yao kuanzia Stefano hadi Nikolao: yote saba ni ya Kiyunani! Waliolalamika wakaonwa, na sufuria ikakabidhiwa watu wenye majina kama yao. Na mstari wa 7 unasema Neno likaenea.

Jumatano hii, katika makanisa ya nyumbani, kaeni wawili wawili. Mmoja aseme neno aliloambiwa likamchoma, mwenzake ajaribu kulijibu kwa swali, kisha mbadilishane. Viongozi wa idara, leteni majina ya wanaosimama mlangoni, wanaotafsiri, wanaoshika maikrofoni na wanaopakua chakula wakati wa semina. Tutayasoma pamoja, tuone nani hayumo.