Somo la Kikundi: Pembe Mbili Zinazokwenda Pamoja



Mtoto akileta hesabu za pembe nyumbani, wengi wetu husema, "Hayo ni ya shule." Sivyo. Anayelima mlimani, iwe ni Sagalla, Mwatate ama Wundanyi, analima juu ya pembe. Leo tujifunze jozi mbili tu, halafu tuzipeleke shambani kabla ya kuchimba matuta.

Kona ya meza ni digrii 90. Ukiigawa kona hiyo kwa kijiti, vipande viwili lazima vifanye 90: 60 na 30, ama 75 na 15. Ukijua kimoja, cha pili umekijua. Hiyo ni jozi ya kona. Jozi nyingine ni ya mstari. Egemeza ncha ya kijiti kwenye ukingo wa ubao ulionyooka. Pembe ya kushoto na ya kulia pamoja ni 180. Kushoto ikiwa 110, kulia ni 70. Watoto huzichanganya jozi hizi kwa sababu majina yake ya Kiingereza ni marefu na yanafanana. Mwulize mtoto kwanza: hii ni kona ama ni mstari?

Sasa twende shambani. Azimeni protakta ya mtoto. Tafuteni fito iliyonyooka ya mita 2, matofali mawili yanayolingana, uzi na kijiwe. Fungeni protakta kwenye fito, upande ulionyooka ukigusa fito na mviringo ukiangalia chini. Uzi ufungwe kwenye alama ya katikati, uning'inie na kijiwe chake kama timazi ya fundi. Lazeni fito juu ya matofali, kutoka juu kuelekea bondeni moja kwa moja.

Mahali tambarare uzi hupita kwenye 90. Kwenye mteremko huhama. Tuseme umepita penye 70 na 110, maana protakta ina safu mbili za namba. Hiyo tayari ni jozi ya mstari. Lakini mteremko wenyewe ni ngapi? Hapa wengi hukosea, wanasema 70. Mlima wa digrii 70 hata mbuzi angefikiria mara mbili! 70 ni pembe iliyo kati ya uzi na fito. Uzi uko wima, na wima na usawa hufanya kona ya 90. Fito imeigawa kona hiyo. Basi 90 toa 70, mteremko ni 20.

Na 20 si mchezo. Kanuni za matumizi ya ardhi za Kenya za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani kushuka sentimita 35 kwa kila mita moja ya usawa. Hiyo ni digrii 19 na kidogo. Hapo afadhali miti na nyasi ya ng'ombe. Ukilima mahindi, mvua ya vuli itampelekea jirani wa chini udongo wako wote. Kwenye digrii 10 ama 12, matuta ya fanya-juu yanafaa: mtaro unafuata usawa wa mlima, udongo unatupwa upande wa juu.

Zoezi: Uzi umepita penye 78 na 102. Mteremko ni ngapi? Mkisimamisha nguzo ya ua wima hapo, pembe yake na ardhi ni ngapi upande wa mlimani, na ngapi upande wa bondeni?

Majibu: 12. Mlimani 78, bondeni 102.